Gazeti Chini ya Pasi

Katika nyumba ya Mama Pasi, bibi harusi hakaribishwi kwa maua. Anakaribishwa kwa mshumaa.

Utaratibu huo aliubuni mwenyewe. Hakuurithi kwa mtu, na ukimwuliza sababu anakujibu kwamba yeye ni dobi, wanawe wamelelewa kwa povu la sabuni, na mwanamke asiyejua kutoa doa akiolewa humo amekuja kula tu. Basi siku mkwe anapoingia, wageni wakiwa bado na sahani mapajani, Mama Pasi huwasha mshumaa mnene, akausubiri ujae nta iliyoyeyuka, kisha akauinamisha juu ya kifua cha gauni la harusi. Anadondosha polepole kama mtu anayetia dawa machoni. Akimaliza anasema, "Haya, mwanangu. Una mpaka kesho jua likizama. Litoe."

Mimi huo siuiti utaratibu, nauita roho mbaya. Lakini wageni walicheka, wakasema mama huyu ana vituko, na biashara yake ikazidi kuvuma, maana watu walimwogopa, na dobi anayeogopwa haibiwi wateja.

Mwanamke wa kwanza kumwagiwa mshumaa alikuwa mke wa mwanawe mkubwa. Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila hapo nyumbani halikudumu hata wiki. Hakuna aliyemwelekeza kitu. Alichemsha maji, akaloweka gauni zima, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Nta ikayeyuka, ikasambaa, ikaingia katika kila uzi, na ilipopoa gauni likakakamaa mbele kama turubai. Mama Pasi akalinyanyua kwa vidole viwili mbele ya majirani, akasema kwamba hatimaye wamepata kitambaa cha meza. Hakuwa anatania. Alilikata mishono, akalitandaza juu ya meza ya kupigia pasi na kuligongea misumari, na mwenye gauni akaitwa Nta tangu siku hiyo. Miaka yote iliyofuata Nta alinyosha mashati ya watu juu ya gauni lake la harusi.

Mumewe aliyaona hayo. Alikuwa mtu wa kupeleka nguo kwa wateja kwa baiskeli, mpole, mwenye uti wa mgongo wa uji. Nta alipomlilia alijibu, "Mama ndivyo alivyo," kwa sauti ileile anayotumia kusema mvua inanyesha, akaenda kutia upepo magurudumu.

Nta akapelekwa nyuma ya duka, kwenye mabeseni, na huko nyuma akageuka fundi. Hilo hata adui yake alilikiri. Mafuta ya gari, mafuta ya kupikia, rangi ya midomo, lami, nta ya kung'arishia sakafu, vyote vilimjua. Lakini ufundi ule ulimla. Magadi yalimbabua mikono mpaka ncha za vidole zikafa ganzi, hata hakuweza tena kutofautisha hariri na kanga kwa kugusa. Spiriti ilimuua pua. Usiku alilala mikono imepakwa mafuta mazito na kufungwa matambara, na mumewe akageukia ukutani kwa sababu ya harufu, harufu ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Mbele ya duka kulikuwa na kiti. Kilikuwa na mto wa kukalia, kimewekwa chini ya feni, na anayekikalia huvaa nguo kavu, hupokea nguo za wateja, huulizia hali za watoto wao, na mikono yake hailowi isipokuwa anapooga. Mama Pasi alikuwa amekikalia tangu duka lifunguliwe. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, na jioni moja mezani, mwanawe mdogo alipotangaza kwamba amepata mchumba, mama aliweka kijiko chini.

"Vizuri," alisema. "Mimi nimechoka kukaa pale mbele. Huyo mwenzako akishakuja tutaona. Wakwe watakuwa wawili na kiti ni kimoja. Nitampa anayestahili."

Nta hakulala usiku ule. Alipiga hesabu yake upande huu na upande ule, na kila mara ilitoka jibu moja. Msichana akifaulu kutoa doa, atakuwa mkwe wa kwanza kufaulu, atapendwa, atakalishwa kwenye mto chini ya feni, na yeye Nta atazeekea kwenye magadi. Msichana akishindwa, watakuwa wote wawili wameshindwa, na hapo ukubwa utahesabiwa. Alikitaka kiti kile kama mgonjwa anavyotaka maji. Tusimlaumu kwa kukitaka. Lawama zipo, zinakuja.

Harusi ilifika. Bibi harusi alikuwa msichana mwembamba mwenye kicheko cha karibu, binti wa fundi cherehani. Gauni lilikuwa la satini nyeupe, na mama yake ndiye aliyelishona, kwa macho ambayo sindano zilikuwa zimekwisha kuyamaliza, hata ushanga wa kifuani aliupanga kwa kupapasa. Nyumbani kwa Mama Pasi walimpa jina la Bi Mdogo kabla hajavua viatu.

Mama Pasi akawasha mshumaa. Bi Mdogo alikuwa ameambiwa na mchumba wake, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Tone la kwanza lilipomgusa aliuma mdomo. Satini ni nyepesi, moto ulipenya. Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni na sahani yake, hakuona vizuri kinachoendelea, ila alisikia watu wamenyamaza, akainuka.

"Kuna nini? Mwanangu anafanywa nini?"

"Kaa, mama mwenzangu," Mama Pasi alimjibu bila kugeuka. "Hapa haungui mtu. Tunamwekea mwanao alama."

Wageni wakacheka. Yule fundi cherehani akakaa, akaendelea kuuliza wa kulia kwake na wa kushoto kwake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumweleza.

Asubuhi iliyofuata Bi Mdogo alikuja uani akiwa amelikumbatia gauni. Nta alikuwa anasuuza shuka. Alimwona kwa jicho la pembeni na akajua amefuata nini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama kidogo." Msichana alichuchumaa kando ya beseni. "Dada, mimi sijui kitu. Kwetu tunashona, kufua tunafua kawaida tu. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua madoa yote hapa. Nisaidie. Si kwa ajili yangu, ni mama. Hili gauni limemmalizia macho. Akisikia limekuwa kitambaa cha meza atakufa."

Hapo ndipo Nta angeweza kuwa mtu mwingine. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwita dada, hakuna aliyewahi kuchuchumaa karibu yake. Alimtazama yule binti, akatazama ile mikono yake laini isiyo na kovu. Ile mikono ndiyo iliyomwudhi. Moyo ukafunga.

"Usiogope, mdogo wangu," alisema. "Ni jambo dogo. Kwanza usitie maji. Maji ya moto ndiyo yaliyoniponza mimi."

"Ndiyo, dada."

"Paruza nta iliyoganda, kwa mgongo wa kisu, taratibu, usikwaruze uzi. Itakayobaki ni ile iliyoingia ndani, hiyo inatolewa kwa pasi. Unaweka karatasi chini ya kitambaa na karatasi juu, unapitisha pasi ya vuguvugu. Nta inayeyuka, inapanda kwenye karatasi. Ukiona karatasi imelowa mafuta, unabadilisha. Mwisho unanyunyiza poda inyonye mafuta yaliyobaki, halafu sabuni na maji ya uvuguvugu. Basi."

Mpaka hapo kila neno lilikuwa la kweli. Dobi yeyote angetikisa kichwa kukubali.

"Karatasi gani?" Bi Mdogo aliuliza. "Hizi nyeupe, tupu?"

Nta alikamua shuka, akalikung'uta, akalianika. Alijipa muda wote huo, kwa hiyo asije mtu kusema ulimi uliteleza.

"Tupu hazinyonyi," alisema. "Tumia gazeti. Gazeti linakunywa mafuta kuliko kitu chochote. Hujaona wanavyofungia maandazi?"

"Kweli kabisa," alisema Bi Mdogo, na uso wake ukafunguka. Aliinuka, akamshika Nta mikono yote miwili, ile mikono iliyobabuka, akaibusu kabla mwenyewe hajaiondoa. "Mungu akuweke, dada."

Nta alikuwa amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na aliyepakwa alikuwa anashukuru. Nta alirudi kwenye beseni. Atakayesema kwamba alijuta saa ile ni mwongo. Alisikia raha, raha yenye joto kama supu tumboni, na akawa anafua huku anaimba chinichini.

Jua lilipoanza kushuka Mama Pasi aliita majirani. Alipenda mashahidi. Wanawake wakajipanga barazani, na Bi Mdogo akatoka ndani na gauni mkononi, lakini hakutoka na kicheko chake. Alitembea kama mtu anayepeleka maiti.

Mama Pasi alilinyakua, akalikunjua. Doa la nta lilikuwa limetoka lote, hata mafuta hayakubaki. Badala yake, kifuani, chini tu ya ule ushanga uliopangwa kwa kupapasa, palikuwa na wino. Gazeti lilikuwa na tangazo la duka la magodoro, na pasi ilikuwa imelihamisha lote kwenye satini, herufi kubwa nyeusi zikiwa zimegeuka kinyumenyume. Mama Pasi aliligeuza gauni nje ndani, akaliinua kwenye mwanga, akasoma kwa sauti, taratibu.

"Punguzo. Mwisho wa mwezi."

Baraza lilianguka kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliuliza kama bei hiyo ni pamoja na mito. Mwingine akamwambia bwana harusi, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama vidole vya miguu yake, kwamba kumbe amepata mke wa bei poa na hakuwaambia wenzake. Bi Mdogo alisimama katikati, hakulia.

"Nani kakufundisha gazeti?" Mama Pasi aliuliza kicheko kilipotulia.

Nta, aliyekuwa ameegemea nguzo, aliacha kupumua.

"Hakuna, Mama," alijibu Bi Mdogo. "Nimebuni mwenyewe."

Baadaye, uani, msichana alimfuata Nta, akamwambia kwa kunong'ona kwamba anaomba radhi. Alisema lazima yeye ndiye aliyekosea, labda pasi ilikuwa ya moto mno, labda aliiacha ikakaa mahali pamoja, na anaona aibu kwa sababu dada alimwelekeza vizuri na yeye akamwangusha. Nta alimwambia asijali. Alimwambia yatapita. Kisha akaenda kuchukua nyundo, maana Mama Pasi alikuwa ameagiza lile gauni lipigiliwe mezani jioni hiyohiyo, na kazi ya misumari ilikuwa yake. Alilitandaza juu ya lake, akapigilia pembe zote, kila msumari kwa pigo moja.

Kesho yake wakati wa chai Mama Pasi alitoa kauli yake kuhusu kiti. Nta alikuwa amevaa gauni safi, akachana nywele, akakaa karibu na mlango wa mbele ili asihangaike kuvuka watu atakapoitwa.

"Kuanzia leo," Mama Pasi alisema akikoroga chai yake, "mbele atakaa Bi Mdogo."

Nta alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Sasa nimpeleke nyuma aniharibie nguo za watu? Mtu kachapa gazeti kwenye gauni lake mwenyewe, si kesho atachapa kwenye suti ya mteja? Huyo akae mbele, apokee nguo, achekeane na watu, meno anayo." Alionja chai, akaongeza sukari. "Angeweza kulitoa lile doa hapo sawa, ningepata fundi mwingine. Ningemtia yeye nyuma, wewe nikakuleta kwenye kiti ukapumzishe hiyo mikono yako, maana hata mimi naiona imekwisha. Nilishapanga hivyo. Lakini ndiyo hivyo tena, fundi wangu ni wewe peke yako. Nikikutoa nyuma nani atafua?"

Macho yake hayakubanduka usoni mwa Nta. Macho yale yalikuwa yanatabasamu.

"Nashangaa tu," aliendelea, "binti wa fundi cherehani, wazo la gazeti kalipata wapi. Kweli ubunifu ni kipaji."

Mume wa Nta alichukua pampu yake akatoka. Nta alirudi mabesenini na gauni lake safi, akalilowesha mpaka kiunoni kabla ya saa sita. Alikuwa amejichimbia shimo kwa mikono yake mwenyewe, na lililomuuma zaidi ni kwamba angelikuwa mwema kwa asubuhi moja tu angekuwa amekaa chini ya feni.

Bi Mdogo alikizoea kiti haraka. Wateja walimpenda. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na kidirisha ukutani, na kazi yake ilikuwa kumwuliza mwenye nguo doa ni la nini, kisha kupitisha nguo kidirishani pamoja na neno hilo. "Mafuta ya kupikia, dada." "Rangi ya midomo, dada." Nta hakuwa akionana na wateja, pua haikunusa na vidole havikuhisi, kwa hiyo alichotegemea katika kufua ni lile neno tu. Na msichana aliendelea kuwa mwema kwake. Alimpitishia chai kidirishani. Alimtafutia dawa ya mikono. Nta aliipokea dawa, akaipaka, na kila alipoipaka alimchukia zaidi, maana hakuna anayechosha kama mtu uliyemdhulumu halafu akakufanyia wema.

Yangeweza kuendelea hivyo hadi wazeeke. Lakini siku moja lililetwa pazia la sebuleni, zito, la rangi ya maziwa, limemwagikiwa mshumaa tangu juu hadi chini. Umeme ulikuwa umekatika nyumbani kwa mteja na watoto wakacheza na moto. Mwenye pazia alikuwa na wageni jioni, akasema atalisubiri hapohapo. Mama Pasi akapiga kelele kutoka ndani lifanywe mara moja.

Nta alilitandaza juu ya meza. Alipoinua kichwa, Bi Mdogo alikuwa amesimama upande wa pili wa meza.

"Nimekuja kuangalia, dada," alisema. "Nijue nilikosea wapi."

"Mbele umemwachia nani?"

"Mama kakaa. Kasema nije nijifunze."

Nta alichukua kisu, akaparuza. Aliparuza kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Pasi ilikuwa imeshapata moto. Ilimbidi achague, na uchaguzi wenyewe haukuwepo, kwa sababu pazia la mteja si gauni la mkwe. Alivuta droo, akatoa karatasi nyeupe, tupu, akaweka moja chini na moja juu.

Bi Mdogo alizitazama zile karatasi. Akatazama kona ya chumba ambapo magazeti ya zamani yalikuwa yamerundikwa hadi usawa wa kiuno.

"Si gazeti, dada?"

"Hili ni pazia," Nta alisema. "Pazia na gauni haviendi sawa."

"Aha."

Pasi ilipita. Mafuta yakapanda kwenye karatasi, doa la kijivu likatanuka, na chini yake pazia likabaki safi. Kando ya pazia, pale kitambaa cha meza kilipojitokeza, zile herufi nyeusi zilizogeuka zilikuwa zinaonekana, zimefifia kidogo kwa joto la pasi za kila siku. Bi Mdogo alinyoosha kidole akazigusa. Nta alibadilisha karatasi mpaka ya mwisho ikatoka kavu, na kila karatasi aliyoitoa, msichana aliipokea, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni.

"Nimeelewa sasa," alisema mwishowe. "Asante kwa kunifundisha, dada." Akarudi mbele.

Chai iliendelea kuja kidirishani. Dawa ya mikono nayo. Nta akaanza kuamini kwamba msichana ni mjinga, na akapata usingizi.

Kisha ikaja suruali ya mwalimu mkuu, ya kitani, ya rangi ya krimu, na chini karibu na pindo ilikuwa na mabaka ya kahawia. Mwalimu mkuu alikuwa na sherehe ya shule na hiyo ndiyo iliyokuwa suruali ya suti yake ya pekee. Sauti ya Bi Mdogo ilipita kidirishani ikiwa tamu kama kawaida.

"Chai, dada."

"Chai mpaka miguuni?"

"Kamwagikiwa kikombe kizima, maskini."

Doa la chai kwenye kitani linataka maji ya moto sana, yamwagwe juu yake kutoka juu. Nta alichemsha maji, akaivuta suruali juu ya beseni, akamwaga. Mabaka yakayeyuka mbele ya macho yake. Yakateremka, yakafungua mikono, yakashika mguu mzima wa suruali kwa utando wa kahawia wenye mng'ao, na hapo ndipo alipoelewa, bila pua na bila vidole, kwamba ile ilikuwa dawa ya viatu, nta na rangi pamoja, na kwamba yale maji ndiyo yameipika ndani ya uzi. Alijaribu spiriti, akajaribu mafuta ya taa, akajaribu poda. Mpaka jioni alikuwa bado anajaribu.

Mwalimu mkuu alipokuja, Mama Pasi alimwita Nta mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama pale akiwa kazini, amelowa, amevaa aproni. Mama Pasi alimshika kifundo cha mkono, akakiinua mwalimu aone.

"Huyu ndiye, mwalimu. Tazama mikono, yenyewe imekwisha kufa. Namweka tu kwa sababu ni mke wa mwanangu."

"Lakini mimi nilisema," mwalimu mkuu alinung'unika. "Nilisema waziwazi ni dawa ya viatu. Nilimwambia huyu binti."

Mama Pasi akamgeukia Bi Mdogo. "Na wewe ulimwambia nini mwenzako?"

"Dawa ya viatu, Mama."

"Alisema chai," alisema Nta. "Mama, kaniambia chai. Naapa."

Bi Mdogo alimtazama. Macho yalikuwa na machozi, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya siku ile.

"Dada," alisema taratibu. "Mimi nikudanganye kwa sababu gani? Wewe uliyekaa na mimi uani ukanifundisha kazi? Mwambie Mama ulivyonifundisha. Mwambie neno kwa neno, halafu Mama aamue nani kati yetu anaweza kumwambia mwenzake uongo."

Mama Pasi aliachia kile kifundo cha mkono. Alimtazama mkwe huyu, akamtazama yule, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeletewa zawadi asiyoitarajia. Alivuta kiti cha wageni akakaa kabisa.

"Haya," alisema. "Tunakusikiliza, Nta. Ulimfundisha nini?"

Mwalimu mkuu alikuwa anasubiri. Nta alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, uani, beseni, shuka, gazeti, na hakukuwa na hata moja ambalo lingemtoa mle bila kumzamisha.

"Labda nilisikia vibaya," alisema.

Mama Pasi alicheka mpaka akashika mbavu. Akaamuru kwamba suruali italipwa kwa posho ya sabuni na mafuta ya mikono ya Nta, kwani mikono iliyokufa haihitaji dawa, na akamwambia mwalimu mkuu kwamba duka limepata mtu wa mbele aliye imara, aje tu wakati wowote. Mume wa Nta alikuwa mlangoni na baiskeli yake. Alisema lazima awahishe nguo za watu.

Asubuhi yake kidirisha kilifunguka. Ilipita blauzi ya pamba, nyeupe, na doa la manjano kwenye kola.

"Mafuta ya nywele, dada," alisema Bi Mdogo. "Sabuni na maji ya moto."

Nta aliipokea. Aliileta puani, akanusa, hakupata kitu. Akasugua kola kati ya vidole, hakupata kitu. Huenda yalikuwa mafuta ya nywele. Huenda kilikuwa kitu ambacho maji ya moto yangekigandisha milele, na mwenye blauzi alikuwa ameshaondoka.

"Kweli?" aliuliza. Aliinama kidirishani ili auone uso wa msichana. "Mdogo wangu, nakuomba. Ni kweli?"

Bi Mdogo alikuwa anapanga stakabadhi chini ya feni, mikono yake safi, mikavu. Hakuonekana mwenye hasira.

"Mimi nilikuamini," alisema, akafunga kidirisha.

Nta alisimama na blauzi mkononi mpaka maji yakaanza kupoa. Ndani, Mama Pasi aliuliza kwa sauti kama leo kuna kazi inayofanyika humo au kuna maonyesho. Basi akaongeza maji ya moto kwenye beseni, akaitumbukiza blauzi, akasubiri.